Sogea Kidogo, Nami Nilale

Mtaa mzima ulimwita Spika, na jina hilo hakulipata kwa kugombea cheo chochote. Alilipata kwa koo lake. Ukimwona barabarani, mwembamba, shati linampwaya mabegani, huwezi kumdhania kitu. Lakini huyu bwana alikuwa mtafsiri wa sinema. Filamu zilikuja kutoka ng'ambo zikisema lugha zao, yeye akakaa mbele ya kioo cha televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote kwa Kiswahili. Jambazi ni yeye, polisi ni yeye, bibi harusi anayelia ni yeye, na hata mbwa anayebweka nyuma ya geti, ukitega sikio vizuri, ni yeye pia. Usicheke. Kazi ile ina wenyewe, na Spika alikuwa ndiye baba lao.

Studio, kama utapenda kuiita studio, ilikuwa chumba cha nyuma cha banda la video. Kutani walipigilia magodoro makuukuu ili honi za magari zisiingie, na feni ilizimwa wakati wa kurekodi kwa sababu ilikuwa inalia kama inadai haki yake. Spika alivua shati, akajitupia taulo shingoni, akaweka kikombe cha maji ya vuguvugu karibu na mguu, kazi ikaanza. Hakuwa na karatasi wala mtu wa kumsahihisha. Filamu ikianza imeanza, mpaka mwisho, na neno likitoka limetoka. Lugha za wenyewe alizijua kwa kuokoteza tu. Pale asipoelewa alisoma sura za watu, akawatilia maneno mdomoni, tena mara nyingi matamu kuliko hayo ya kwao.

"Wateja hawaji kusikiliza Wazungu wamesema nini," Bosi mwenye banda alikuwa akimwambia. "Wanakuja kukusikiliza wewe." Bosi alikuwa mnene, mcheshi, na hakuweza kusimama mahali bila kufutafuta vitu kwa kitambaa chake cha mfukoni. Kwenye kazi alikuwa na sharti moja tu: kimya hakitakiwi. Mtafsiri akinyamaza kidogo, banda zima linaanza kupiga miluzi, "Sauti! Sauti imekata!" na kuna mtu lazima atapiga teke benchi. Kwa hiyo mtu akipita uani ndani ya filamu, Spika alisema, "Anapita huyo, hajui yanayomsubiri." Mtu akinywa chai, Spika alisema, "Kunywa baba, kunywa, ni ya mwisho hiyo." Watu wakavunjika mbavu. Ndivyo alivyozoea, kwamba palipo na kimya pana kosa lake.

Nyumbani alikuwa na mkewe, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikaa dirishani na haikupoa toka asubuhi. Na walikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa chekechea, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya doa jeusi chini ya mdomo. Mama yake alimshonea mdoli kwa mabaki ya vitambaa. Gauni lilitokana na pazia la mteja, nywele ni nyuzi za sweta, jicho moja kifungo cha kahawia na la pili kifungo cheupe, maana vya kahawia vilikuwa vimeisha. Kidoti akamwita mdoli huyo Wifi.

"Kwa nini Wifi?" baba yake alimuuliza.

"Kwa sababu anakuja kwetu hata hajaitwa, na akija hafagii."

Spika alimgeukia mkewe. Mkewe akainama kwenye cherehani akajifanya uzi umekatika. Wifi aliyekuwa akisemwa kila siku kwenye simu, sote tunajua, alikuwa dada yake Spika.

Sasa, jioni katika nyumba ile ilikuwa na mchezo wake. Kidoti akishakula, akishaoshwa miguu, alipanda kitandani akajilaza katikati, kaachia mikono na miguu kila upande. Baba alikaa ukingoni, akamshika Wifi kiunoni, akamsemea kwa sauti nyembamba ya puani, ya mtu anayejidekeza: "Sogea, Kidoti. Sogea kidogo, nami nilale."

"Sisogei!"

"Sogea kidogo tu, jamani. Baridi."

"Kitanda changu!"

Wakavutana hivyo mpaka mtoto akasalimu amri kwa kicheko, akasogea, Wifi akalazwa penye nafasi. Kabla Spika hajafika mlangoni, mtoto kashalala. Mchana kutwa mtu huyu aligawa sauti zake kwa watu asiowajua. Hii moja alikuwa ameiweka nyumbani, na aliipenda kuliko zote.

Basi siku moja Bosi akaja na filamu ya mdoli.

Mdoli wa kule hakuwa wa vitambaa. Alikuwa na uso wa udongo mweupe unaong'aa, mashavu mekundu, macho ya kioo, na mdomo uliofungwa. Anawekwa kabatini, anakutwa kwenye ngazi. Anatupwa jalalani, anakutwa mezani. Na katika filamu nzima, sikufichi, mdoli yule hasemi hata neno moja. Waliomtengeneza walijua wanachofanya, wameitia hofu yote ndani ya ukimya wake. Lakini nani angemwelewesha Bosi hilo? Na wale wa miluzi je?

Spika alijitahidi. Aliwasemea baba na mama, akamsemea jirani mbea, akamsemea mzee aliyekuja kuombea nyumba. Walipomchoma mdoli moto, akasimulia kwa ile sauti yake nzito ya kuaminika: "Wamemchoma. Wanadhani yameisha. Hayajaisha, ndugu yangu. Akichomwa anarudi, tena anarudi na hasira." Kisha ikafika ile sehemu ya kitandani. Mtoto wa kike, kimo cha Kidoti kabisa, blanketi limefika puani. Mdoli amekaa upande wa miguu. Hakuna muziki wala upepo. Wanatazamana.

"Mtoto anamtazama," Spika akasema. "Mdoli naye anamtazama."

Kimya kikaendelea. Jasho likamtiririka mgongoni. Alishayamaliza maneno, na filamu bado imeganda palepale, mtoto, kitanda, mdoli. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, kwa mazoea, kama mkono unavyotafuta swichi gizani.

"Sogea," akasema kwa ile sauti nyembamba ya puani. "Sogea kidogo, nami nilale."

Mtoto wa kwenye filamu, kwa bahati tu, akasogea. Na hakuiona asubuhi.

Bosi alikuwa mlangoni na kitambaa chake, akasahau kufuta. "Ebwana wee," alisema filamu ilipokwisha. "Ona mkono wangu, vinyweleo vimesimama. Hapo umeua." Spika naye mwili ulikuwa umemsisimka, lakini furaha ilikuja juu ya ule msisimko ikaufunika. Mtu yeyote anayefanya kazi kwa mikono au kwa koo anajua siku aliyopatia, na yeye alijua kwamba leo kapatia.

Ilienea kauli hiyo, acha kabisa. Kwenye foleni ya maji mwanamke alimpiga mwenzake kikumbo, "Sogea kidogo, nami nichote," watu hoi. Vijana wa kuosha magari waliitana hivyo, mpaka kinyozi akawa anamwinamisha mteja kichwa kwa maneno hayo hayo. Bosi akatundika spika kubwa nje ya banda, ikawa inarudia kipande kile toka asubuhi mpaka jioni. Mtafsiri wetu akipita, watu wanamnyooshea kidole gumba. Kichwa kikamvimba, na nani asingevimba?

Mkewe peke yake ndiye ambaye hakucheka. "Baba Kidoti," alimwambia huku akikata uzi kwa meno, "hayo si maneno ya mtoto?"

"Maneno tu hayo, mama. Yana hati miliki?"

"Haya," mkewe akasema. Na ukimsikia mke amesema "haya" kwa namna ile, jua hajakubali.

Kidoti alikuwa amekatazwa filamu za kutisha, na alitii. Lakini nyumba ya pili alikaa Mama Mapacha, mwanamke mwema, hana neno na mtu, ila simu yake aliigawa kwa watoto ili apate kupika kwa amani. Mchana mmoja wa mvua, watoto watatu wakajifunika kanga moja na simu katikati. Filamu ikaisha, mvua ikakatika, Kidoti akarudi kwao. Alinawa mikono bila kuambiwa, akakunja nguo zake bila kuambiwa. Mama yake akajisemea kwamba mtoto ameanza kukua.

Jioni baba akaja na mchezo wao. Alikuwa na furaha siku hiyo. Akamshika Wifi kiunoni, akamwinua usawa wa mto. "Sogea, Kidoti. Sogea kidogo..."

Hakumalizia. Mtoto hakupiga kelele, bora angepiga. Alikuwa amekaza macho kwenye vile vifungo viwili, cha kahawia na cheupe, midomo imemkauka, na doa la maji likatokea kwenye shuka, likapanuka taratibu mpaka likafika kwenye goti la baba yake. Ndipo kelele zikatoka. Mama alikuja mbio na mkasi mkononi.

Walipomtuliza wakamuuliza, naye akasema, na maskini, hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko zao. Sauti ya baba ya kusimulia aliijua, na hiyo ilikuwa sauti ya kusema ukweli. Lakini sauti ya Wifi ilikuwa ya Wifi. Amemsikia Wifi kwenye simu, kwa masikio yake, akisema maneno yake yale yale ya kila siku. Kumbe Wifi akitoka hapa huenda kule kuua watoto.

Ulikuwa mwanzo tu huo. Mama akamchukua Wifi, akamtumbukiza kwenye gunia la mabaki chini ya meza ya kukatia. Asubuhi Kidoti akaamka, akapapasa kitandani. "Wifi yuko wapi?"

"Amesafiri," mama yake akasema.

Lo! Kati ya majibu yote ya dunia! Maana kwenye filamu vilevile, mdoli alipokosekana mahali pake ndipo vifo vilipoanza. Toka hapo mtoto akawa hapiti mlangoni bila kuchungulia nyuma yake. Chini ya kitanda alichungulia, ndani ya sufuria alichungulia, kiatu hakukivaa mpaka kikung'utwe.

"Basi tumchome, yaishe," baba yake alisema siku moja, uvumilivu umemwishia.

"Msimchome!" Kidoti alimng'ang'ania mguu kwa mikono miwili. "Akichomwa anarudi na hasira! Wewe mwenyewe ulisema!"

Na kweli alisema. Spika alikaa chini kwenye sakafu, akashika kichwa. Kila mlango aliotaka kumtolea mtoto wake, alikuta ameshaufunga yeye mwenyewe, kwa sauti nzito ya kuaminika, huku taulo liko shingoni.

Mtoto akakonda. Akawa analala darasani, kichwa juu ya dawati, na mwalimu wa chekechea akamwita mama kando akamuuliza kwa adabu kama nyumbani ni salama. Mama alirudi akilia barabarani bila kuficha. Spika akaenda kwa Bosi, akamwomba waifanye upya filamu ile, mdoli anyamaze. Bosi alimsikiliza kwa huruma, akafuta meza, akafuta kikombe.

"Ndugu yangu, mtoto wako ni mtoto wangu," alisema. "Lakini iko kwenye flashi, iko kwenye simu, iko mpaka miji ambayo mimi na wewe hatutafika. Nitawafuata wapi?" Akaizima hapo hapo ile spika kubwa ya nje, mbele ya macho ya mtafsiri wake. Kesho yake wateja wakaiulizia, ikawashwa tena.

Hapo ndipo baba mtu akapata wazo, na lilikuwa wazo la mtu mwenye akili zake, usimlaumu. Alisema nitamwonyesha. Akiona sauti inatoka wapi, hofu itakufa. Mchana kweupe akamshika Kidoti mkono, akamtoa Wifi kwenye gunia akamtia ndani ya mfuko, wakaenda studio. Bosi alifuta kigoda mara mbili mgeni akae.

Spika akaanza na polisi. Kisha mbwa. Kisha mwanamke aliyefumaniwa, anavyobisha. Kidoti aliguna, akatabasamu, halafu akacheka, cheko ambalo baba yake hakulisikia kwa kitambo, na macho ya Bosi yakalowa akajifuta kwa kile kitambaa chake cha mfukoni.

"Na ya Wifi?" mtoto akauliza.

Spika akainuka haraka. Alimtoa Wifi kwenye mfuko, akamkalisha kwenye kiti kule pembeni, mbali, ili mtoto aone hakuna ujanja. Akarudi kwenye kipaza sauti, akamgeukia mwanawe uso kwa uso, midomo wazi ionekane. "Sogea, Kidoti. Sogea kidogo, nami nilale." Akakiweka chini kipaza sauti. "Umeona, mama? Wifi hasemi. Hajawahi kusema neno. Ni mimi."

Kidoti alimtazama Wifi. Akautazama mdomo wa baba yake.

"Siku zote ni wewe?"

"Siku zote."

"Hata kule kwenye filamu?"

"Hata kule. Mimi tu, baba yako."

"Yule mtoto aliyekufa. Aliyemwambia asogee ni wewe?"

Spika, mtu ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya kioo chochote, alishikwa na kigugumizi. "Ile... ile ni filamu, mama. Ni uongo ule."

"Lakini ni wewe uliyemwambia."

"Ni mimi, lakini..."

Mtoto akashuka kwenye kigoda. Alikwenda mpaka kwenye kiti, akamchukua Wifi, akamkumbatia kifuani kwa nguvu, mgongo amempa baba yake. "Pole, Wifi," alisema. "Tulikusingizia."

"Umeona sasa?" Bosi akasema kwa furaha. "Yameisha!"

Jioni ile Kidoti alipanda kitandani na Wifi wake, na mama yake akashusha pumzi. Spika akaja mlangoni, hana hili wala lile. "Lala salama, mama."

Mtoto alimvuta Wifi chini ya blanketi, akamziba masikio penye nywele za nyuzi. "Mama! Mwambie asiseme!"

Alijaribu kila kitu, yule baba. Alinong'ona, akaimba, akaongea kwa upole, mtoto anajikunyata. Siku moja akapiga magoti mbali, karibu na kizingiti, akasema, "Mama, hii ni sauti yangu mwenyewe. Ya kweli. Isikilize."

"Hiyo ni ya polisi," Kidoti akasema.

Akakohoa, akajaribu tena.

"Hiyo ni ya yule baba aliyemchoma mdoli." Kisha akauliza, si kwa ubishi, alitaka kujua tu: "Yako ni ipi?"

Spika alifungua mdomo aitoe. Alitafuta kooni kwake, akatafuta chini zaidi, na kila iliyopanda aliitambua, aliwahi kumpa mtu fulani ndani ya filamu fulani. Alifunga mdomo. Toka siku hiyo akikanyaga kizingiti cha nyumba yake anakuwa bubu. Anaomba chumvi kwa kidole. Watu wa mtaani bado wanamwita Spika, wanamdai vichekesho, na kule kazini anabweka na kulia kama kawaida, maana ndiyo kazi anayoijua.

"Atakua, atasahau," mkewe alimwambia, lakini hakumwambia lini.

Jioni moja mkewe alikuwa anamalizia gauni la mteja aliyekaa pale pale kulisubiri, hakuweza kuinuka. Akampa ishara mumewe amlaze mtoto. Spika akaingia pole pole. Akamwosha miguu, akamfunika. Kisha, kwa kuwa mwili una kumbukumbu zake, akakaa ukingoni mwa kitanda palepale pa zamani, upande wa miguu, mikono juu ya magoti. Hakusema neno. Alitabasamu tu, tabasamu lake lote, la mdomo uliofungwa, akamtazama mwanawe kwa mapenzi ambayo hakuwa na pa kuyapitishia.

Kidoti alivuta blanketi mpaka puani. Walitazamana. Chumba cha pili cherehani ilisimama, fundi anageuza kitambaa, na kimya kikajaa chumbani kote. Spika alikijua kimya kile. Alitaka kukivunja, neno lolote, na hakuwa na neno ambalo lisingekivunja vibaya zaidi. Akaendelea kukaa.

Ndipo mtoto, bila kuambiwa na mtu, akaanza kusogea. Alisogea kidogo, akamvuta na Wifi. Akasogea tena, macho hayamtoki baba yake, mpaka mgongo ukagota ukutani na kitanda kikabaki kitupu mbele yake.

"Nimesogea," alisema ndani ya blanketi. "Nimesogea, baba. Usiseme."